Kosa la Ile Alhamisi

Thornton Heath, Ijumaa jioni

Mwanangu Eliwaza,

Sisi tulifundishwa kuanza barua kwa kusema mimi huku ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Leo siwezi. Wewe hujawa mbali bado, uko Peckham unasukwa nywele za safari, na uzima wangu una maswali. Salamu tuziache.

Mdogo wako Neema yuko bafuni anaimba. Nina kama saa mbili kabla hujarudi na kichwa kinachouma, na nataka niwe nimemaliza kuandika, maana ukiingia tu mlangoni nitaanza kukuuliza kama umefunga begi, na jioni yetu ya mwisho itaishia kwenye habari za begi. Habari za koti, za kula vizuri, za kufunga mlango na kuzima jiko, sitaandika. Hayo unayajua kuliko mimi. Katika nyumba hii aliyekuwa akimkumbusha mwenzake koti ni wewe.

Najua Kiswahili unakisikia vizuri lakini kukisoma kunakuchosha. Nilifikiria kukuandikia kwa Kiingereza, ila Kiingereza changu ni cha kazini, cha kumwamsha mzee wa watu na kumuuliza kama amelala salama na kama tuanze na uso au miguu. Hakina maneno ya kazi ninayotaka kuifanya leo. Soma polepole. Ukichoka iweke pembeni, sitakulaumu.

Nianze na Jumatatu. Ulikuwa unaosha vikombe, umenipa mgongo, na Neema alikuwa ameanza kile kikohozi chake cha kila mwaka hewa inapogeuka. Ukasema, "Mum, I can defer. It's just a year." Halafu ukaongeza, nani atamwamsha, nani atamsikiliza kifua, shule yake mpya ni mabasi mawili. Mimi nikaendelea kukunja nguo. Ulidhani natafakari. Mwanangu, sikuwa natafakari. Nilikuwa namwomba Mungu uahirishe chuo kweli, na nilinyamaza ili ionekane umeamua mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyokutumia miaka yote. Sikukuamuru hata mara moja. Nilikuwa nanyamaza mpaka unajitolea.

Kwetu Upare miezi hii ni ya kungoja mvua za vuli. Watu wanatayarisha mashamba ya maharage huku wakitazama mawingu, na kazi ni nyingi, lakini ni ya wote na ina mwisho wake. Hapa mambo ni mengine. Mwezi wa tisa shule zinafunguliwa, wazee ninaowahudumia wanaanza kuanguka, wenzangu wanaanza kuumwa, na ofisi inanipigia nichukue zamu za watu. Mwezi wa kumi inakuja ile likizo ya wiki moja ambayo hakuna mzazi anayejua iliwekwa kwa faida ya nani, kisha serikali inarudisha saa za nchi nzima nyuma kwa saa moja. Mwezi wa kumi na moja giza linaingia saa kumi na nusu na mtoto anatoka shule kama anatoka kesha. Weka juu yake shukrani ya mavuno kanisani. Halafu weka misiba.

Misiba ndiyo iliyonimaliza, na nitakwambia ukweli, niliipenda. Mtu akifiwa na mama yake huko nyumbani na hana namna ya kwenda, watu wanajaa kwake siku tatu, nne, wanakaa sakafuni, wanaimba, wanapika. Na jikoni ni mimi. Kila mtu kusini mwa mji huu anajua sufuria kubwa iko kwa Mama Eliwaza, na ukiazima sufuria unapewa pamoja na mwenyewe. Nikisimama pale na mwiko, natokwa jasho, wanawake wananipisha. Kazini siku nzima mimi ni mtu wa kuitwa "darling" na watu wasiojua jina langu. Msibani nilikuwa mtu. "Mama Eliwaza, wali umekaa!" Hilo lilinitosha kwa wiki nzima, na sioni haya kulisema, au naona haya lakini nalisema.

Mama yangu alikuwa na kauli yake: asiyezika wenzake hazikwi. Nilikuja nayo mpaka hapa. Nilikuwa naogopa, Eliwaza. Baba yenu alikwenda nyumbani kusimamia ujenzi wa nyumba yetu, mwezi mmoja ukawa sita, na nyumba ikapata mwanamke mwingine kabla haijapata bati. Nikabaki na ninyi wawili, wewe una miaka tisa na Neema miwili, na kitu kilichonikosesha usingizi hakikuwa namna ya kuwalea. Kilikuwa hiki: nikifa hapa, nani atakuja? Basi nikaanza kwenda kwa kila mtu. Nilikuwa nahudhuria mazishi yangu mwenyewe mapema, na nyumbani nikawaacha walio hai.

Na nyumbani ulikuwepo wewe. Una jina la mama yangu, na kwa desturi yetu nilikuita mama tangu uko kwenye nepi. Ni desturi nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini wenzangu wanapowaita watoto wao mama, wanajua ni mtoto. Mimi nilisahau. Nilikuwa nakuuliza mambo. Nikirudi kazini nakueleza nani amenitukana na nifanyeje, nawe una miaka kumi, unanikunia mgongo, unasema, "Just ignore her, Mum." Nami naridhika, nalala.

Ratiba ya friji uliianza mwenyewe. Ulirudi shuleni na karatasi umeichora mistari, kalamu tatu za rangi, kila mtu na rangi yake. Nani anaoga lini, siku ya michezo, siku ya maktaba, dawa ya Neema asubuhi na jioni. Nilijivuna nayo sana. Nilimwonyesha kila mgeni. Wakanisifu, wakasema binti yako ana akili kuliko umri wake, nami nikaitikia amina. Siku hizi nikisikia mtoto anasifiwa hivyo namtazama mzazi wake mikono, nione ametua mzigo gani.

Unakumbuka mwaka ule wa saa? Saa zilikuwa zimerudishwa nyuma Jumapili, na mimi niliondoka Jumatatu alfajiri bila kugusa saa ya jikoni. Ukamwamsha Neema, ukamvisha, ukamlisha, ukamfikisha shuleni saa nzima kabla ya wakati. Mkasimama nje ya geti kwenye baridi, umemfunika kwa koti lako, mpaka yule mtunza shule alipowakuta. Hukulia. Uliporudi ulipanda kiti ukarekebisha saa. Kisa hicho nimekisimulia misibani miaka minane, na kila mara watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, na ninajua mahali pa kutua ili wacheke zaidi. Mara ya mwisho ulikuwepo, umebeba sahani. Ulitabasamu. Nilipoona lile tabasamu nilijua kwamba si kisa cha kuchekesha, na bado nikakimaliza.

Sasa nakuja kwenye ile Alhamisi. Nimezunguka vya kutosha.

Unaijua unavyoijua wewe. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, Neema minane. Mimi nilikuwa Kilburn, kwa baba mmoja aliyefiwa na mama yake, mtu ambaye mpaka leo sijui jina lake la pili. Nilikwambia nitarudi saa kumi na mbili. Saa kumi na moja Neema akashikwa na pumu. Ukampa ile dawa yake ya kuvuta, inhela ya buluu, ikatoa hewa tupu. Ukanipigia. Simu yangu ilikuwa ndani ya pochi, pochi iko kitandani chumbani kwa wenyewe, na juu yake makoti ya watu hamsini. Ulipiga mara kumi na tisa. Kisha ukaita gari la wagonjwa.

Niliiona simu saa mbili usiku nilipokwenda kutafuta leso. Sijui nilifikaje hospitali. Nakumbuka kwenye treni kuna kijana alinipisha kiti kwa sababu ya sura yangu, na nilikuwa bado nimevaa aproni. Nilipofika kwenye ile wodi nikaiona miguu yako chini ya pazia, umevaa ndala za ndani, soksi zimelowa. Kulikuwa na mwanamke wa ustawi wa watoto, mwenye kitambulisho shingoni, anakuuliza kwa upole mama yuko wapi jioni hii. Ukamjibu, "She's at work. She's on her way."

Hili hulijui: nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia. Nilisikia. Mzazi mwingine angelivuta lile pazia aseme, mimi ndiye mama, sikuwa kazini. Mimi nilirudi nyuma hatua mbili nikajificha karibu na mashine ya vinywaji mpaka yule mwanamke alipoondoka. Ndipo nikaja nikiwa nakimbia, kama mtu anayetoka kazini.

Neema alikuwa ameshatulia, na kile kidude cha mvuke usoni. Sikukukumbatia. Nilikwambia, "Kwa nini hukuniambia kwamba inhela imekwisha?"

Ukasema, "I thought I told you."

"Hukuniambia."

Ukafikiri. Nilikuona unatafuta kichwani, unapanga siku moja moja kama unavyopanga ratiba. Halafu ukasema, "Maybe I forgot. Sorry, Mum."

Kwenye basi la kurudi nilikusifu kwa kumdanganya yule mwanamke. Nilisema umefanya vizuri, mambo ya ndani hayatoki nje. Ulikuwa umelaza kichwa kwenye kioo na ukasema okay.

Jumamosi nikafua aproni. Mfukoni mkawa na kikaratasi cha njano, cha vile unavyobandika vitabuni. Mwandiko wako. Umeandika kwamba ile ya buluu ya Neema inakaribia kwisha, nipitie duka la dawa, na chini yake, kwa herufi kubwa, LEO. Na alama ya x, kibusu chako.

Uliniambia, Eliwaza. Ulikibandika kwenye birika Jumatano asubuhi ili nisiweze kupika chai bila kukiona. Nilikiona. Nilikuwa nakaanga vitumbua nikakisoma, nikasema moyoni huyu mtoto hana dogo, nikakitia mfukoni nisije nikasahau. Kisha simu ikaita, fulani amefiwa Kilburn, sufuria inatakiwa. Kesho yake nikaivaa aproni hiyo hiyo. Wakati unanipigia mara kumi na tisa maneno yako yalikuwa yamelala tumboni kwangu, nami napakua.

Nilikaa na kile kikaratasi ukingoni mwa bafu. Ningeweza kukuita, ulikuwa chumba cha pili. Nilikikunja vidogo vidogo, nikashuka ngazi nikakitupa kwenye pipa la nje, si la ndani, usije ukakiona. Nikanawa mikono. Nikakupikia chapati. Ulishangaa, ukauliza tunasherehekea nini.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza miaka mitatu na kila jibu ninalopata linanipendelea. Nilisema nalinda heshima, kwamba mtoto akimwona mzazi amekosea nyumba inayumba. Nilisema kwetu mzazi haombi msamaha, anapika. Hizo ni sababu nzuri na zote ni uongo. Sikusema kwa sababu tangu ile Alhamisi ulikuwa makini mara mbili zaidi, na umakini wako ulinifaa. Mtu anayejiona ana hatia hachelewi na haombi mapumziko. Niliona nilichopata, nikakiacha kiendelee.

Nakuona unavyofanya. Unatikisa inhela kila Jumapili, unaandika tarehe juu yake kwa kalamu isiyofutika. Unaweka moja shuleni, moja kwenye begi, moja kwenye droo ya vijiko. Unakwenda mlangoni kwa Neema unasimama unasikiliza anavyopumua. Mwaka jana marafiki zako walikwenda Brighton kutwa nzima nawe ukabaki, ukasema hupendi bahari. Hujapata kuiona bahari vizuri, utaichukiaje? Ulibaki kwa sababu unaamini kuna siku ulisahau na mdogo wako karibu afe. Haikuwahi kutokea siku hiyo. Niliitunga mimi, mbele ya kitanda cha hospitali, kwa maneno mawili, nawe umeishi ndani yake tangu hapo.

Basi jibu langu la Jumatatu ni hili. Usiahirishe. Nenda chuoni ukasome ujenzi wa madaraja yako. Nimeiona karatasi ya chumba ulichokodi, najua umekichukua mwaka mzima, Krismasi na kiangazi humo humo, na najua maana yake, kwamba likizo hutarudi hapa. Sikukuuliza kwa sababu niliogopa usije ukanionea huruma ukabadilisha. Usibadilishe. Na zile alamu ulizoweka kwenye simu yako, saa moja kasorobo Neema aamke, saa moja na nusu awe mlangoni, nakuomba uzifute. Mtoto wa mbali hawezi kumlea mtoto wa hapa kwa simu. Ulilelewa na mama wa namna hiyo, unajua yanavyokwenda.

Ungependa nikwambie sasa kwamba nimebadilika. Ndivyo barua kama hizi zinavyotakiwa kwenda. Lakini jana walinipigia kutoka Tottenham, kuna msiba, na kabla hata hawajamaliza kuniambia nani kafa nilishasema nakuja. Kesho nikitoka kukusindikiza stesheni nitaunganisha huko, pamoja na Neema. Nitabeba inhela mbili na simu nitaifunga kifuani, na nitajiambia kwamba hayo ni mabadiliko. Sidhani. Nina miaka arobaini na tisa, nimekwishakuwa mtu wa aina fulani. Nakwambia ili usiondoke na tumaini ambalo mimi mwenyewe sina. Vuli hii itakuwa mbaya. Neema atachelewa, atasahauliwa siku moja mahali fulani, fomu hazitajazwa, na huenda likatokea kubwa kuliko hayo. Likitokea halitakuwa lako. Hata ukilisikia kwa simu katikati ya darasa, hata akilia akikutaja jina, halitakuwa lako.

Na usinipigie kuniambia umenisamehe. Nakujua, utafanya haraka, utasema it's okay Mum kabla hujafika ukurasa wa mwisho, kwa sababu umezoea kunibeba na mikono yako inajiendea. Kaa kwanza ukasirike. Ukae kwenye hicho chumba chako ukasirike mpaka ushibe. Ikichukua miaka, ichukue. Huenda nisiwepo utakapomaliza, na hilo nimelipima, ni haki.

Leo asubuhi nilikwenda shule mpya ya Neema. Kwenye ile fomu ya nani apigiwe simu mtoto akipata shida, namba ya kwanza ilikuwa yako. Ya pili ilikuwa yako pia, ile ya zamani. Mama wa ofisini akasema, hatukuwa na ya kwako kabisa. Nikamtajia, akaandika. Akaniuliza kama huwa napatikana mchana. Nikasema ndiyo, kwa sababu alikuwa ameshika kalamu ananingoja.

Nasikia ufunguo mlangoni, kwa hiyo naandika yale tu ambayo sina ujasiri wa kukutazama na kuyasema. Hukusahau. Ulinionya mapema, ukaandika LEO, nami nilisoma.

Mama yako